Kiti cha Pili

Kwa mara ya tisa, Dada Vipimo alitoa jibu lilelile.

"Nilifunga, afande. Aliniomba kwenye redio, nikaweka kufuli, nikaliona limewaka jekundu kwenye skrini, ndipo nikamwambia aingie."

"Kisha?"

"Kisha lango likafunguka."

"Lenyewe?"

"Ningekuwa najua, ningekuambia tangu mara ya kwanza."

Inspekta hakuandika kitu. Alikuwa amewahoji waongo wa kila namna, na alichojua ni kwamba uongo hunenepa kila ukirudiwa: leo unaongezwa saa, kesho shahidi, keshokutwa mvua. Jibu la mwanamke huyu lilikuwa halijaongezeka hata neno. Jambo hilo lilimkera, maana kila kitu kingine kwenye faili kilikuwa kinamkandamiza.

Na faili lilikuwa fupi. Jumanne, saa saba na dakika sita mchana, lango kuu la kituo cha maji lilifunguka wakati fundi wa mabomba yumo ndani ya bomba akikwangua tope. Maji yalimsomba mita arobaini yakambwaga kwenye wavu wa chujio, mguu umevunjika mahali pawili. Fundi huyo, ambaye kituo kizima kilimwita Kambale kwa kuishi kwake kwenye matope, alikuwa mdogo wake Dada Vipimo, baba mmoja mama mmoja. Wiki moja kabla, majirani waliwasikia wakitupiana maneno juu ya nani akae na mama yao. Kumbukumbu za kompyuta zilisema kufuli la usalama liliwekwa saa saba na dakika nne, lango likafunguka saa saba na dakika sita, na jina lililoandikwa mbele ya tukio hilo lilikuwa la Dada Vipimo, mwendeshaji wa zamu ya mchana. Mhandisi aliyeandika programu ya kituo alikuwa amekula kiapo kwa maandishi kwamba lango haliwezi kufunguka kufuli likiwa limewekwa. Basi mtu alilitoa kufuli, halafu akafuta alama ya kulitoa, na neno la siri la kufanya hivyo alikuwa nalo yeye.

Saa kumi alasiri faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Kosa: kujaribu kuua.

"Umeshamwona mgonjwa?" Inspekta aliuliza, akikusanya karatasi zake.

"Amewaambia manesi nisipite mlangoni." Dada Vipimo alisema hayo akiitazama meza. "Afande, kufungwa, nikifungwa, nitafungwa. Ila asiishi miaka yake yote akiamini dada yake alimfungulia maji."

Inspekta alibeba faili akatoka. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mhandisi wa programu wa kituo, mwanamume mwembamba mwenye wino kwenye vidole, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kujibu swali, hata la habari za nyumbani, bila kuchora. Ukuta mzima wa ofisi yake ulikuwa ubao mweupe.

"Nimeshaandika kila kitu kwenye hati ya kiapo," alisema.

"Nimeisoma. Sasa usiniambie, nifanyie."

Hilo lilikuwa neno la Inspekta, na wadogo zake kazini walilichoka. Mwizi alioneshwa dirisha akaambiwa aingie tena. Shahidi alisimamishwa barazani akaambiwa aone tena. Profesa alimtazama kidogo, kisha akachomoa sumaku tatu za rangi kwenye droo, akionekana kama mtu aliyesubiri kwa miaka kuombwa hivyo.

"Duara hili ni lango limefungwa. Hili, lango linasubiri presha. Hili, lango liko wazi. Na hili pembeni ni kufuli. Sumaku ikikaa ndani ya duara, maana yake hali hiyo ndiyo iliyopo sasa. Mishale ni matendo. Tendo halifanyiki mpaka sumaku zote linazozihitaji ziwe mahali pake." Alisogeza sumaku ya bluu. "Mwendeshaji anabofya 'fungua'. Programu inatazama kufuli. Lipo? Inakataa. Halipo? Inaendelea. Hiyo ni modeli, afande. Ni kituo kizima, ila hakina maji."

"Na wewe unasogeza sumaku mpaka uone kosa."

"Nikisogeza mwenyewe nitajaribu njia kumi, nichoke, niende kunywa chai. Kompyuta inapita njia zote. Hali elfu nne mia mbili na kumi na sita." Aligonga duara moja lililochorwa kwa wino mwekundu: lango wazi, kufuli limewekwa. "Hakuna njia hata moja inayofika hapa. Hata moja."

Inspekta alimwonea wivu waziwazi. Kwa miaka ishirini na miwili ya upelelezi hajapata kusema "zote" juu ya kitu chochote.

"Presha inasubiriwa kwa nini?"

"Maji ya upande mmoja yana nguvu kuliko upande wa pili. Lango likivutwa hivyohivyo litapinda. Kwa hiyo kuna pampu ndogo inasawazisha kwanza. Dakika nne. Ndipo lango linasogea."

Inspekta alifungua faili ukurasa wa maelezo ya Kambale, yaliyochukuliwa hospitalini. Konstebo alikuwa amepigia mstari sentensi moja, kisha akaikata, kwa hoja kwamba kituoni hakukosekani kitu kinachonguruma. Aliisoma kwa sauti: "Nilisikia pampu ndogo inanguruma kabla sijaingia."

Profesa alikunja uso. "Atakuwa amesikia ile nyingine. Ziko mbili."

"Nyingine iko wapi?"

"Iko..." Alisita. "Iko karakana. Imefunguliwa tangu mwezi jana."

"Imefunguliwa vipande?"

"Vipande, vimetandazwa juu ya gazeti."

Basi iliyonguruma ilikuwa pampu ya lango lenyewe, na kama ilinguruma kabla Kambale hajaingia, mtu alikuwa ameshaomba lango kabla kufuli halijawekwa.

"Dada Vipimo mwenyewe?" Inspekta aliuliza. "Anaomba lango, kisha anaweka kufuli ili aonekane hana hatia?"

"Hawezi. Mwenye ombi linalosubiri hawezi kuweka kufuli, mfumo unamkatalia. Na akitoka kwenye mfumo, maombi yake yote yanafutwa palepale, ili anayeingia aanze na meza safi." Profesa alirudisha sumaku ya bluu mwanzo. "Ndiyo maana nakwambia haiwezekani."

"Lakini pampu imenguruma."

"Kwenye modeli haingurumi," Profesa alisema.

"Kambale hakuwa kwenye modeli," Inspekta alisema. "Alikuwa kwenye bomba. Zamu zinabadilishana saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Nataka kuona."

Chumba cha kuongozea mitambo kilikuwa kidogo, kina joto, na kinanukia chai. Dirisha moja lilitazama matangi. Mezani palikuwa na kompyuta mbili, ya kushoto ikitumika na ya kulia ikiwa ya akiba, iwapo ya kwanza itaharibika. Mbele ya ya kushoto, kwenye kiti cha ngozi kilichochakaa, alikaa Mzee Zamu, mwendeshaji wa siku nyingi kuliko wote, aliyekuwa akimaliza zamu ya asubuhi kama alivyomaliza Jumanne. Inspekta alisimama ukutani, Profesa mlangoni.

Saa saba kamili akaingia mama wa zamu ya mchana, aliyeletwa kushika nafasi ya Dada Vipimo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na jua leo."

"Limekuja lenyewe, mimi nimelifuata tu." Aliweka mkoba chini, akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa nyuma ya kabati, akakaa mbele ya kompyuta ya kulia, akaandika neno lake la siri. Mzee Zamu bado alikuwa akibofya kushoto. Mmoja alisoma vipimo, mwingine alimalizia vyake, na maneno ya watoto na magoti yakapita katikati. Inspekta alitazama saa yake. Dakika moja. Nne. Tisa.

"Mama, samahani," alisema hatimaye. "Hicho kiti ni cha nani?"

"Hiki? Cha kantini. Tuliazima."

"Lini?"

"Eh! Miaka mitatu sasa. Wameshasahau."

"Na mzee bado yumo kwenye mfumo?"

"Yumo, ndiyo. Humfukuzi mwenzako kitini afande, si ungwana. Yeye anamalizia zake, mimi naanza zangu. Nikishasoma vyote namtoa mimi mwenyewe kwenye mfumo, naye anakwenda zake salama."

"Na Dada Vipimo alifanya hivyohivyo?"

"Sote. Ndivyo tulivyofundishwa na mzee hapa."

Mzee Zamu alitabasamu kwa kusifiwa. Inspekta alimgeukia Profesa. Mhandisi alikuwa ameshika kizingiti cha mlango, macho kwenye kiti cha plastiki.

"Profesa, kwenye modeli yako uliweka waendeshaji wangapi?"

"Mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Mwongozo wa kazi unasema mmoja anatoka, ndipo mwingine anaingia."

"Mwongozo umewahi kuingia humu?"

Profesa alikuwa ameshaanza kutembea kurudi ofisini, halafu akakimbia.

Ilimchukua dakika ishirini kuongeza mwendeshaji wa pili. Inspekta alikaa kwenye ukingo wa meza akila karanga zake na kutazama vidole vya Profesa vikikosea, vikifuta, vikiandika tena. Alipobofya kuendesha, namba za hali zilianza kupanda: elfu tano, elfu tisa, elfu kumi na nne. Kisha zikasimama, na skrini ikawaka mstari mwekundu.

"Imefika," Profesa alisema.

"Kwenye duara jekundu?"

"Kwa hatua saba tu. Saba!" Alijishika kichwa. "Miaka mitatu hilo limekaa humo."

"Nifanyie."

Alikwenda ubaoni na sumaku nne sasa, maana watu walikuwa wawili. Mwendeshaji wa kwanza anabofya "fungua". Programu inatazama kufuli: halipo, sawa. Pampu ndogo inaanza, na lango linasubiri presha. Mwendeshaji wa pili anaingia kwenye kompyuta ya kulia, na kwa sababu wa kwanza hajatoka, ombi lake halijafutwa. Wa pili anaweka kufuli. Yeye hana ombi lolote linalosubiri, na lango bado limefungwa, kwa hiyo mfumo unamkubalia na taa inakuwa nyekundu. Hatua ya saba, presha imesawazika. Lango linafunguka.

"Programu haitazami kufuli tena?"

"Ilishatazama, mwanzoni. Nilidhani yatosha." Profesa alikuwa amesimama na sumaku ya mwisho mkononi. "Wote wawili walitazama, afande, na wote wawili waliona sawa. Kila mmoja kwa wakati wake."

"Na jina la Dada Vipimo?"

"Kumbukumbu zinaandika kilichotendeka, haziandiki kilichoombwa. Linapofunguka, zinaandika jina la mtu wa mwisho kuingia kwenye mfumo." Akaketi. "Hati yangu ndiyo iliyomfunga Dada Vipimo."

"Iliyotaka kumfunga. Hii ni saa nane kasoro dakika kumi, na mimi bado sina kitu cha kumpa mwendesha mashtaka. Sumaku hatazielewa. Inuka."

Mzee Zamu alikutwa getini, kofia kichwani, akisubiri usafiri. Alirudi bila kinyongo, akidhani ni mambo ya saini.

"Mzee," Inspekta alisema, "Jumanne nilikuuliza kama ulifungua lango, ukasema hapana."

"Na leo nasema hapana. Mbele ya Mungu."

"Nakuamini. Leo nakuuliza jingine. Ulijaribu?"

Mzee alivua kofia. "Kujaribu? Nilibofya, ndiyo. Usafi ulipangwa saa nane, nikataka tangi lijae kwanza. Lango halikusogea. Nikasema basi, limekataa, mashine hizi zina siku zake. Nikamwachia mwenzangu."

"Ulibofya saa ngapi?"

"Saa saba na kitu kidogo. Binti yangu Vipimo alikuwa ndiyo kwanza anavuta kiti."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Hakuna kilichotokea." Alisema hivyo, kisha akajisikia mwenyewe. Kofia ilianza kuzunguka vidoleni mwake. "Kambale alikuja mapema siku ile. Saa nzima kabla ya ratiba. Afande... ni mimi?"

"Ni kiti, mzee, na ni programu, na ni mwongozo ambao hakuna aliyeufuata wala aliyekuja kuutazama. Wewe umo, siwezi kukudanganya. Lakini sasa nahitaji mkono wako."

Bomba lilikaguliwa kwa tochi hadi mwisho, likathibitishwa halina mtu, na milango yake yote ikapigwa kufuli la chuma ambalo ufunguo wake Inspekta aliuning'iniza shingoni. Konstebo alisimama na kamera ya simu juu ya skrini zote mbili. Mzee Zamu alikaa kushoto. Mama wa zamu ya mchana alikaa kwenye kiti cha plastiki.

Saa nane na dakika ishirini mzee alibofya "fungua". Lango halikusogea. Chini ya sakafu, pampu ndogo ilianza kunguruma.

Dakika mbili baadaye mama aliweka kufuli. Taa ikawa nyekundu.

"Liko salama?" Inspekta aliuliza.

"Skrini inasema salama," mama alijibu. "Mimi ningemwambia mtu aingie."

Dakika ya nne ilipotimia, lango liliinuka. Maji yalipita kwenye bomba tupu kwa kishindo kilichotikisa vikombe vya chai mezani, taa ya kufuli ikiwa bado nyekundu. Kwenye kumbukumbu ulitokea mstari mmoja: lango limefunguka, saa nane na dakika ishirini na nne, na jina la mama wa zamu ya mchana, ambaye alikuwa amekaa na mikono yake yote miwili kichwani.

Mzee Zamu alilia bila kujificha. Mama alimshika bega akamwacha alie. Konstebo, ambaye ndiye aliyeikata ile sentensi ya pampu, alizima kamera na kutafuta pa kutazama.

Kabla ya saa tisa Inspekta aling'oa waya wa kompyuta ya kulia kwa mkono wake na kuufungia kabatini. Profesa alikuwa ameshairekebisha modeli: sasa programu itatazama kufuli mara ya pili, sekunde ileile lango linapotaka kusogea. Akaiendesha kwa waendeshaji wawili, kisha watatu. Akaona haitoshi, akaweka watano.

"Hali laki sita na ushee," alisema, macho mekundu. "Duara jekundu halifikiki. Hata watano wagombanie meza moja."

"Na viti vitano vya kantini?"

Profesa alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hata vya kantini. Kesho naanza kuandika programu yenyewe. Lakini kabla sijaandika mstari, nakuja kukaa na zamu zote tatu, siku nzima, nione wanavyofanya kweli."

Inspekta alimpigia simu mwendesha mashtaka akiwa ngazini. Alisema faili haliji, kuna video, kuna hatua saba kwenye karatasi moja, na hati ya kiapo inafutwa na mwenyewe aliyeiapa. Upande wa pili ukauliza kama ana uhakika.

"Zote zimepitiwa," alisema, na neno hilo likamnogea mdomoni.

Wodini, Kambale alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma. Alikuwa na ndevu za siku tatu na hasira ya siku tatu.

"Kama umekuja kunisainisha, nasaini," alisema. "Kama umekuja kunisihi, rudi."

"Nimekuja usome." Inspekta alimpa karatasi. "Wewe ni fundi. Sitakueleza."

Kambale alisoma kama mafundi wanavyosoma, kidole kikishuka hatua kwa hatua, midomo ikisogea. Kwenye pampu aliitikia kwa kichwa: alikuwa ameisikia, alikuwa amesema. Kwenye hatua ya mwendeshaji wa pili kidole kilisimama. Kikarudi juu, kikashuka tena, kikasimama palepale.

"Hapa imeandikwa aliweka kufuli."

"Ndiyo."

"Kweli aliweka? Au ni hesabu za kompyuta?"

"Saa saba na dakika nne na sekunde kumi na moja. Redio ya kituo inaonesha uliomba saa saba na dakika nne na sekunde tano. Alichukua sekunde sita."

Kambale aliweka karatasi kifuani.

"Yuko ndani?"

"Yuko kwenye benchi huko nje. Nilimwachia saa moja iliyopita. Anasema hapiti mlangoni mpaka mwenyewe umwite."

"Dada!" Sauti ilitoka nyembamba, akaisafisha. "Dada!"

Dada Vipimo alisimama mlangoni na mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja ofisi ya watu. Hakusogea.

"Uliweka," Kambale alisema.

"Niliweka, mdogo wangu."

"Nimeona." Alijikokota kwa viwiko mpaka ukingo wa kitanda, akikunja uso kwa maumivu, akapata nafasi ya mtu mmoja. "Njoo ukae basi. Upande huu. Huo mwingine mguu unauma."

Alikaa. Alianza kulia kwa namna ya mtu aliyejizuia mara tisa, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza kichwa kutazama.

"Lia taratibu," Kambale alimwambia, akimshika mkono. "Yule baba kalala."

"Sijalala," alisema mgonjwa wa kitanda cha pili. "Mwache alie."